Mkebe wa Mzee: Kusahihisha Kumbukumbu za Askari Wetu wa Zamani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha kujisaidia kutoka milima ya Taita, mbele ya wajumbe wa vikundi waliokutana katika ukumbi wa kanisa, Voi. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza kidogo tu.



Mwenyekiti aliponiandikia alifikiri nitasema habari za mbuzi wa maziwa, maana ndiyo kazi ya kikundi chetu. Mbuzi watangoja. Nilimwomba ruhusa niseme jambo lingine ambalo kikundi chetu kililifanya bila kulipanga. Kila ninapolisimulia, mtu mmoja hunivuta kando na kuniambia, "Mwalimu, hata kwetu kuna mkebe."

Mkebe huo mnaujua. Ni wa biskuti au wa majani chai, umeshika kutu, unakaa juu ya dari au chini ya kitanda cha nyanya. Ndani mna kipande cha zamani, risiti za kodi, picha moja iliyofifia, karatasi zilizokunjwa mpaka zikachanika kwenye mikunjo, na pengine kitu kizito kilichofungwa katika kitambaa. Watoto wamekwisha kukichezea. Mimi kwa macho yangu nimeona medali ya vita imefungwa shingoni mwa mbuzi. Kwa hiyo mnaona, habari za mbuzi sikuziacha kabisa.

Huku kwetu vita si hadithi ya vitabu. Wajerumani waliingia Taveta mwezi wa Agosti 1914. Reli ya kutoka hapa Voi kuelekea Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita, wala haikujengwa kwa ajili ya mkonge wala abiria. Salaita palipiganwa tarehe 12 Februari 1916. Watu wa Kasigau hawahitaji kufundishwa na mimi: wazee wao walihamishwa kwa nguvu mwaka 1915 hadi upande wa Malindi, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, na hawakurudi mpaka miaka ya 1930. Makaburi ya askari yako hapa Voi, yako Maktau, yako Taveta, na yanafyekwa vizuri.

Ikaja vita ya pili. Vijana wetu walipanda gari la moshi pale stesheni. Wengine walikwenda Abisinia mwaka 1941, wengine wakateremka Kilindini wakapakiwa melini kwenda Ceylon, na kutoka Ceylon wakaingia Burma mwaka 1944. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na Wajapani, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliorudi walipewa cheti, wakapewa nauli, wakarudi kulima.

Mmoja wa waliorudi ni baba mkubwa wangu.

Baba mkubwa aliandikwa jeshini mwaka 1942 na akaachiliwa mwaka 1946. Sisi watoto tulikua tukisikia habari za mto Chindwin, habari za bonde la Kabaw ambako mvua ilinyesha hata magari yakazama matopeni mpaka kwenye milango. Alikuwa na medali moja tu, ya duara, rangi ya fedha. Tukimwuliza mbona wengine wana nyota, alikuwa akicheka na kusema, "Nyota yangu ilibaki mtoni." Tulidhani ni mzaha. Alifariki katika miaka ya tisini, na baada ya mazishi mama mkubwa alinipa mkebe akaniambia, "Wewe ndiye unayejua kusoma. Tazama kama mzee alikuwa akisema kweli."

Nawaomba mlisikilize neno hilo vizuri. Hakuniomba pesa. Hakuniomba medali. Kijijini kulikuwa na watu waliomcheka mumewe hata akiwa hai, wakisema hakufika Burma, kwamba alikaa Ceylon akipika chai ya wazungu. Mama alitaka kujua.

Basi nikafungua cheti. Mahali pa medali paliandikwa moja tu, Medali ya Vita ya 1939-1945. Medali hiyo ilitolewa kwa askari aliyetumika siku 28 au zaidi katika muda wa vita, popote alipokuwa, hata kama hakutoka Nairobi. Upande mmoja ina simba aliyesimama juu ya joka. Lakini aliyeingia katika vita vya Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945 alistahili nyota ya shaba yenye ncha sita, iliyoandikwa katikati "The Burma Star", na utepe wake una rangi ya buluu iliyoiva, nyekundu katikati, na michirizi ya rangi ya machungwa. Kwa askari wa nchi kavu, kukaa Ceylon peke yake hakukutosha. Kwa hiyo kile cheti kilikuwa kinakubaliana na wale waliomcheka.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikundi kwa sababu sikuwa na nauli ya kutosha, sitaki kujisifu. Tulichanga. Tukaandika barua. Sasa wacha niwaambie makosa yetu, maana mtajifunza zaidi kwa makosa yetu kuliko kwa akili yetu.

Kosa la kwanza ni ile barua yenyewe. Ilikuwa na kurasa nne. Tulianza na Burma, tukaingia mashamba ya mkonge, tukalalamika juu ya ardhi ya Mwatate, tukamaliza kwa kumwuliza Mwingereza alilipa nini kwa jasho la Mtaita. Mambo hayo yote ni ya kweli na yana mahali pake. Lakini karani anayefungua barua mia kwa siku anataka kujua mnamwomba afanye nini, na sisi tulimwambia katika ukurasa wa nne.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tuliandika kwamba mzee alikuwa Keya. Jibu likaja baada ya miezi mingi, mistari mitatu: mtu huyo hayumo katika orodha za King's African Rifles. Jamani, siku hiyo kikundi kilinyamaza. Mama mkubwa akasema, "Kumbe walikuwa wakisema kweli," akaingia jikoni.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kikundi, dereva wa lori wa zamani. Alikuja kwangu kuazima tochi, akaona ile picha mezani. Akaitazama, akaivuta karibu na taa, akasema, "Huyu si Keya. Alama hii ya kofia si yao." Tukarudi kwenye cheti, na kule juu kabisa, kwa herufi ndogo ambazo sisi wenye kusoma tulizipita kama hazipo, kulikuwa na E.A.A.S.C., yaani kikosi cha Afrika Mashariki cha usafirishaji na ugavi. Baba mkubwa alikuwa dereva. Ndiyo maana kila hadithi yake ilikuwa na gari ndani yake.

Angalieni hapo. Sisi huku tukisema Keya tunamaanisha askari yeyote wa wakati wa Mwingereza. Neno lenyewe limetoka katika herufi K.A.R. Lakini jeshi la wakati ule lilikuwa na vikosi vingi: waliobeba bunduki wa KAR, wapiga mizinga, madereva, wauguzi, wapiga simu na redio, na wale wa kazi za mikono waliojenga barabara na madaraja. Kila kikosi kilikuwa na orodha yake. Ukiuliza katika orodha ambayo si yake utajibiwa kwa haki kabisa kwamba mtu wako hayumo, nawe utarudi nyumbani ukiamini babu yako alikuwa mwongo.

Nikasema, sasa tumefika. Hatukuwa tumefika. Kulikuwa na jina.

Kwenye cheti cha jeshi paliandikwa jina lake la nyumbani, halafu "s/o", maana yake mwana wa, halafu jina la baba yake kama karani alivyolisikia. Karani hakuwa Mtaita. Pale penye "Mwa" aliandika "Ma", na mwisho wa jina akaumeza. Kwenye kitambulisho mzee alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo. Ukiweka karatasi hizo mbili pamoja, hakuna neno hata moja linalofanana. Sisi tunajua ni mtu mmoja kwa sababu tulikula naye. Mtu aliye ofisini, Nairobi au Uingereza, atajuaje?

Tulitafuta daraja la kuunganisha majina hayo, tukalipata mahali ambapo hatukufikiria: kitabu cha ubatizo cha kanisa. Mzee alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya kurudi vitani. Mwandishi wa kitabu, Mungu amweke pema, aliandika katika mstari mmoja jina la nyumbani, jina la baba na jina jipya. Ninyi mnaotoka sehemu zenye misheni za zamani, Sagalla, Mbale, Wusi, Bura, mwombeni mchungaji au padre awaangalilie vitabu hivyo kabla mchwa hawajavisoma wao. Tuliomba nakala yenye muhuri. Tukapata barua ya chifu. Tukaenda mahakamani hapa Voi kuapa hati ya kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja.

Tena tulihitaji mashahidi wa rika lake. Walikuwapo wawili. Mmoja alikuwa amesafiri naye toka Kilindini. Tulimtembelea, akatuambia mpaka rangi ya meli, akasema nileteeni karatasi nitie kidole. Tukasema tutakuja baada ya mavuno. Tulikwenda baada ya mavuno tukakuta kaburi bichi. Wiki tatu. Jambo hilo bado linaniuma, na nawaambia kwa uchungu: mahindi yangengoja.

Lililotusaidia mwishowe kuliko yote ni namba. Kila askari alipewa namba yake, nayo imeandikwa kwenye cheti, mara nyingine nyuma ya picha, mara nyingine imechongwa kwenye kijiko au mkebe wa chakula. Jina hubadilika kwa ubatizo, kwa karani, kwa matamshi. Namba haibadiliki. Barua yetu ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Ilianza na namba, kikosi, jina kama lilivyo kwenye cheti, kisha jina la kitambulisho. Ikasema: tunaomba kumbukumbu zake ziangaliwe tena na medali zinazokosekana ziandikwe, kwa sababu kitabu chake kina muhuri wa kuingia Burma mwaka 1944. Muhuri huo ulikuwamo wakati wote. Hatukujua tulichokuwa tunatazama.

Tuliandika pande mbili. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, vikosi vya KAR vilivyokuwa huku viligeuka kuwa Kenya Rifles, na hatukujua jalada la mzee lililala wapi. Kwa hiyo tuliandika Wizara ya Ulinzi, Nairobi, na tukaandika ofisi ya medali ya jeshi la Uingereza. Ofisi hiyo, ambayo iko Gloucester, ndiyo inayotoa medali za Vita ya Pili ambazo mwenyewe hakuzichukua. Tulipeleka fotokopi. Karatasi ya asili haitoki nyumbani, hata akiomba malaika. Tulituma kwa rejista, tukatunza risiti ya posta katika daftari la kikundi pamoja na tarehe. Miezi ilipopita kimya tuliandika tena, kwa adabu, tukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Watu wetu wana tabia mbili tu, kunyamaza kabisa au kugomba. Ofisi hukumbuka zaidi anayerudi kwa adabu kila baada ya miezi mitatu.

Sasa lilizuka la nyumbani. Ofisi ya Uingereza huuliza mwombaji ni nani. Kama askari mwenyewe amefariki, anayestahili kwanza ni mke wake, kisha mtoto wa kwanza, na kuendelea. Mama mkubwa alikuwa mke wa pili. Mtoto wa mke wa kwanza anakaa Mombasa, na aliposikia kuna barua ya Uingereza alipanda basi siku ile ile. Alikuwa amesikia kuna malipo. Tulikaa kikao cha ukoo tangu asubuhi mpaka kimanga cha jioni. Sitawasimulia yote. Tulikubaliana kwa maandishi, na kila mtu akatia sahihi, kwamba mama ndiye mwombaji na kijana atapewa nakala ya kila jibu. Kama hamtaandika makubaliano mapema, medali itawagawanya kama shamba.

Nami niseme wazi habari ya malipo, maana naona sura zenu. Medali ya kampeni haina pesa. Haina pensheni. Kwa Nyota ya Burma hakuna mtu anayelipwa hata senti. Alipita mtu vijijini kwetu akiwa na faili na muhuri, akichukua ada kwa kila nyumba na kuahidi fidia ya Keya. Wajane walimpa pesa za mbolea. Hajaonekana tena. Kuomba kumbukumbu zirekebishwe hakumhitaji mtu wa kati, na medali ambayo askari hakuipokea maishani mwake haitozwi bei. Ile iliyopotea baada ya kupokelewa ina utaratibu wake mwingine, na huenda ikatozwa.

Lakini kumbukumbu iliyo sawa inaweza kufungua mlango mwingine. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa chakula kwa askari wa zamani maskini wa nchi za Jumuiya ya Madola na wajane wao, waliotumika kabla ya uhuru, kwa kupitia shirikisho la vyama vya askari wa zamani wa Jumuiya hiyo. Huku Kenya chama cha askari wa zamani ni DEFOCA. Kwa msaada wa namna hiyo swali la kwanza ni moja: una uthibitisho kwamba alitumika? Na iko dhuluma nyingine ambayo fomu ya medali haiwezi kuigusa. Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha hati za zamani zilizoonyesha kwamba mwisho wa vita askari Mwafrika alipewa kiinua mgongo cha chini hata kwa theluthi moja ya cha mwenzake Mzungu, kwa sababu ya rangi tu. Hilo ni jambo la wabunge na serikali kwa serikali. Msiliandike kwenye barua ya medali. Tuliliandika sisi, mmeona tulivyojibiwa.

Mtaniuliza, je, ikiwa mzee alizipata akazitupa? Wako wengi. Wakati wa Mau Mau wengine waliziharibu wasije wakahesabiwa watu wa Mkoloni. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alikutana na wazee hao kwenye makaburi ya vita, Nairobi, akawakabidhi wanne wao medali mpya badala ya zile za zamani. Mmoja alisemwa kuwa na miaka 117. Kwa hiyo msione haya kusema zilitupwa. Semeni kweli ilivyo.

Kusema kweli kuna upande wa pili pia. Nyumba moja jirani walituomba tuwasaidie kupata medali ya ushujaa ya babu yao. Medali za ushujaa hazikutolewa kwa kila aliyefika. Zilitolewa kwa jina, na jina likatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ambalo leo linasomwa bure kwenye intaneti. Kijana wetu wa chuo alitafuta siku mbili. Hakuna. Tukaitazama medali waliyokuwa nayo. Ya ushujaa huchongwa jina la askari ukingoni. Hii ukingo wake ulikuwa mtupu, na upande mmoja kuna simba wawili na mti mdogo. Ni Medali ya Ulinzi, ya heshima kabisa, lakini si ya ushujaa. Walikasirika nasi, na mpaka leo salamu zao ni za mbali. Hata hivyo nisingeiandika barua ile. Ukiongeza neno moja la uongo kwa babu mmoja, karani ataanza kuwashuku babu zetu wote. Na kuchelewa si kunyimwa: Nigel Leakey, sajini wa KAR aliyeuawa Abisinia mwezi wa Mei 1941, Msalaba wake wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945. Hata huyo, Mzungu mwenye ukoo unaojulikana, alingojewa miaka minne.

Wa vita ya kwanza habari yao ni nyingine. Mababu waliobeba mizigo katika Kariakoo, hao medali zao hazitolewi tena. Ofisi ya Uingereza ilikwisha kufunga mlango wa medali za 1914-1918. Kwao kinachotafutwa ni jina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi wa Aprili mwaka huo. Tena si maneno matupu: Januari 2025 kule Cape Town ulifunguliwa mnara wa wafanyakazi Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vita ile, zaidi ya 1,700, kila mmoja na jina lake. Wa kwetu walikufa njiani kati ya hapa na Kilimanjaro na kusini zaidi, na reli wanayoijua wajukuu wao ni ile ile waliyoilinda. Anayejua jina la babu asiyerudi, jina la baba yake na kijiji, aliandike. Jina lisiloandikwa popote halitapatikana hata na tume yenye nia njema.

Na vijana wa jana, ninyi mliotoka jeshi la Kenya, mliokwenda Namibia mwaka 1989, Yugoslavia, Sierra Leone, Somalia: fungueni vyeti vyenu mkiwa bado mna nguvu za kupanda matatu. Kama medali ya Umoja wa Mataifa haikuandikwa, kamanda wako yu hai na mwenzako wa hema yu hai. Baba mkubwa wangu hakuwa na bahati hiyo.

Nirudi kwake nimalize. Baada ya barua yetu ya pili ilipita miezi kumi na minne. Ikaja bahasha, na baada yake kisanduku kidogo, posta ya Voi. Barua ilisema kumbukumbu zimerekebishwa, na kwamba askari huyu, namba yake hii, alistahili Nyota ya 1939-1945 na Nyota ya Burma. Miaka yote alisema nyota yake ilibaki mtoni, zikaja mbili.

Tulizipeleka juu kwa miguu, kikundi kizima, mvua ikinyesha. Mama mkubwa alizishika, akazigeuza, akatazama nyuma, akatazama ukingoni. Akauliza, "Jina lake liko wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nyota zile hazikuchongwa majina. Zinafanana zote, za dereva na za jenerali. Nikamwambia jina liko kwenye barua. Akaniambia basi isome, na polepole. Nikaisoma kwa Kiswahili, nikairudia kwa Kitaita, na nilipofika penye namba akaisema yeye kabla yangu, kwa moyo, tarakimu zote. Alikuwa ameijua tangu mwaka 1942, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiandikisha kwenye barua za kwenda vitani. Miaka yote hiyo sisi tulihangaika na karatasi zilizochanika, na namba ilikuwa jikoni.

Barua aliitia kwenye fremu, iko ukutani. Nyota alizirudisha ndani ya mkebe, pamoja na kipande. Wale waliokuwa wakicheka walikuja kunywa chai, na hakuna aliyesema neno.

Sasa, daftari liko hapa mezani kwa katibu. Tunaandika namba ya askari, kikosi, majina yote aliyowahi kuitwa, kijiji, na nani aliye hai anayemkumbuka. Kuandika ni bure. Anzeni kwa kuwauliza kina nyanya kabla ya kufungua mikebe. Na yule mama wa Maktau aliyekaa mlangoni, aliyekuja na kitu kimefungwa kwenye leso tangu asubuhi na hajakifungua: mama, njoo wewe kwanza.